Siku Aabo Alipookoa Doolsho

Enzi zetu pale mtaani Iftin, mvua ya vuli, ambayo sisi tuliiita deyr, ilikuja na harufu mbili: ya vumbi lililolowa na ya doolsho. Doolsho ni keki yetu ya nyumbani, yenye iliki, mdalasini na karafuu, laini hadi inaacha unyevu vidoleni. Sufuria ilikaa jikoni juu ya mkaa, kifuniko nacho kikapakiwa makaa ya moto, nasi watoto tukaruka kamba pembeni huku tukionywa, "Msirukeruke hapo, keki itanywea!" Mpaka leo sijui kama kuruka kunaweza kuifanya keki inywee, lakini tuliamini.

Mwaka nisiousahau nilikuwa na miaka kumi, dada yangu Hodan kumi na miwili. Hooyo, mama yetu, alikuwa chumbani na kichanga cha siku saba. Alasiri hiyo wanawake wa mtaa wangekuja kwa dua ya kumpa mtoto jina.

"Nyinyi ni wasichana wakubwa sasa," akasema Hooyo. "Pikeni doolsho. Msiniaibishe."

Tulipiga mayai na sukari mpaka mikono ikafa ganzi. Tukachekecha unga, tukatwanga viungo, tukamimina. Kisha Hodan, kwa haraka zake, akajaza makaa chini ya sufuria. Harufu ilipobadilika tulikuwa tumechelewa. Chini keki ilikuwa masizi, katikati uji mtupu. Nje mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa tope, maduka yamefungwa, na mayai yamebaki manne tu.

Hapo ndipo Aabo, baba yetu, alipoingia. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu mrefu wa maneno machache. Akikohoa tu uani, sisi tunanyamaza. Jikoni hatukuwahi kumwona; chai yake ilipelekwa alipoketi. Hodan akasimama mbele ya sufuria kuificha. Mimi nikaanza kulia kabla sijaulizwa.

Aabo akachungulia. Akavua saa yake, akakunja mikono ya shati.

"Nani aliwafundisha kuweka moto mwingi chini?" akauliza. "Keki huiva kwa moto wa juu. Chini weka kidogo tu, kama wa kumpashia mgonjwa maziwa."

Walahi, ngamia wake mmoja angeongea, nisingeshtuka vile! Yule mtu alichuchumaa, akavunja mayai kwa mkono mmoja, akayapiga kama aliyefanya hivyo maisha yake yote. Akanusa iliki, akaongeza. Unga hakupima. Keki ilipoiva akaitoboatoboa kwa kijiti cha mswaki mpya, akaimwagia polepole maziwa moto yenye sukari na mdalasini. Ikayanywa yote. Hodan alinifinya mkono mpaka ukaniuma, nami sikuuondoa.

Mara Mama Fartun, jirani yetu, akaingia kabla ya wenzake. Akamkuta Aabo na unga hadi kwenye ndevu. Mwavuli ukamponyoka.

"Subhanallah! Baba Hodan, ni wewe?"

Nilijua habari hiyo ingefika sokoni kabla ya mbuzi wa kesho. Wanaume wa pale walimcheka hata mwenzao aliyejimiminia chai. Aabo akajifuta ndevu kwa kiganja.

"Ni mimi," akasema. "Keti, uonje."

Ndipo tukamsikia Hooyo akicheka. Akaja mlangoni, mtoto begani.

"Mama Fartun, hii doolsho unayonisifia kila mwaka, unadhani nani alinifundisha? Nilipoolewa hata maziwa nilikuwa nayaunguza. Huyu alikuwa mpishi wa kambi ya watengeneza barabara kule Lafey, kabla hajanunua mbuzi wake wa kwanza."

Hooyo, ambaye mtaa mzima ulikuja kujifunza kwake! Na wala hakuona haya.

Wanawake walikula hadi makombo. Sokoni wanaume walimcheka Aabo wiki nzima. Wiki iliyofuata, wawili kati yao walikuja nyumbani, kila mmoja kwa wakati wake, wakauliza kwa sauti ya chini iliki inatiwa kiasi gani.

Siku hizi ninaoka kwa oveni ya umeme. Wanangu hutazama kwenye simu wanaume wazima wakipamba keki kwa maua ya rangi ya waridi, na hakuna anayeshtuka. "Mama, hiyo ni kawaida," binti yangu husema bila kuinua macho. Wakitaka kujua kitu wanaiuliza simu, nayo inawajibu papo hapo. Mimi nataka kujua nani alimfundisha Aabo kuoka, na alikuwa kijana wa namna gani kule Lafey, miongoni mwa watu wasiomwogopa. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza. Sasa ametangulia mbele ya haki, na Hooyo naye anasema hakuwahi kumuuliza.