Hakimu wa Chumba cha Gemu

Ukitaka kumwona mtu mwema kuliko wote mtaani kwetu, nenda mchana umkute ameshika pedi ya kuchezea gemu. Akiiweka chini, wema nao unazimika pamoja na mashine.

Mtu huyo ni shemeji yangu, mume wa dada. Watu wanamwita Hakimu. Ana chumba cha gemu upande wa mbele wa nyumba ya baba yake: runinga kubwa ukutani, viti vya plastiki vilivyoungwa kwa waya, feni inayohamisha joto lile lile kutoka kona hii kwenda ile, na harufu ya soksi ambayo ukishaizoea, ujue na wewe umeshaharibika. Gemu zinazochezwa humo ni za kuua tu. Risasi, visu, mabomu, shingo zinazovunjwa kwa sauti ya mtu anayetafuna karoti. Vyumba vya namna hiyo viko vingi. Kilichompa shemeji yangu jina ni sheria yake.

Aliiita sheria ya raia. Adui muue utakavyo: mchane, mlipue, mkanyage akiwa ameshakufa. Lakini ukimpiga risasi raia, yaani muuza mboga, mwanamke anayekimbia, mzee aliyejificha chini ya meza, basi mchezo wako umekwisha. Unaweka pedi, unasimama mbele ya skrini, unamwomba marehemu msamaha kwa sauti. Nimeshuhudia majitu yenye ndevu yakimwambia muuza mboga wa kuchorwa, "Nisamehe mama, mkono uliteleza," huku chumba kizima kikipiga kelele, "Hatujasikia! Rudia!"

Wazazi walimpenda. Walisema vijana wao wanatoka pale na adabu. Mama mmoja alimleta mwanawe mtukutu, akamkabidhi kama anayelaza mgonjwa hospitali. Halafu kikundi cha wazazi kikamwalika Hakimu azungumze na vijana juu ya maadili. Akavaa shati la mikono mirefu, akawaeleza kwamba gemu nzuri humpa mchezaji nafasi ya kukua: unaanza muuaji, unamaliza binadamu. Wakampigia makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Mimi mwenye nusu ya stashahada ya ustawi wa jamii (nusu nyingine bado iko chuoni, sijui inakula nini) nilikuwa nyuma, nikimwangalia dada yangu aliyesinzia kitini. Mikono yake ilinuka dawa ya kuua vijidudu. Aliyekuwa katikati yetu alihama kiti.

Na mama yetu naye nisimwache. Hakimu alipoleta posa, mama hakuuliza habari za ukoo wala hakwenda kwa majirani. Alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha gemu, akapewa kiti, akakaa na mkoba mapajani akimchunguza mkwe mtarajiwa akiwa kazini. Alirudi macho yanang'aa.

"Huyu ana moyo," alisema. "Kulikuwa na mwanamke analia pale katikati ya vita. Ameacha bunduki, akamvusha barabara! Wenzake wanamwambia achana naye, tunachelewa. Hakuwasikiliza."

"Mama, yule mwanamke ni katuni."

"Sasa kama katuni anamtendea hivyo, mtu mwenye damu itakuwaje?"

Dada akaolewa kwa ushahidi huo.

Nyuma ya chumba cha gemu, upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi, alilala baba yake Hakimu. Alikuwa mwashi. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake na mpaka leo watu wanamwita Fundi. Kiharusi kilimnyang'anya upande mmoja wa mwili na nusu ya matamshi. Akili kilimwachia, na kwangu mimi hapo ndipo kilipozidisha ukatili. Alikuwa na kikombe cha bati. Akitaka maji, akitaka kugeuzwa, au ikiwa yameshatokea ya kutokea, aligonga nacho ukutani, dada akamwendea. Dada akiwa ametoka, aliyebaki karibu ni mwanawe, ambaye angeweza kumfikia kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini mwanawe alikuwa na dawa yake. Alikuwa akiongeza sauti ya spika.

Siku moja nilimwambia, "Shemeji, mzee anagonga."

"Anagonga ovyo. Ugonjwa huo."

"Labda ana kiu."

"Dada yako anakuja sasa hivi." Macho hakuyatoa kwenye skrini. "Hebu nisubiri kidogo, hapa nina mateka wa kuokoa."

Wachezaji walivyozidi kumiminika, Hakimu akaanza kukitamani chumba cha baba yake. Alitaka kuvunja plaiwudi na kuongeza runinga. Mzee ahamie stoo ya nyuma, kwenye mabaki ya baiskeli na ndoo za rangi zilizokauka, mahali pasipo na dirisha hata la kupitisha mbu. Dada akagoma.

"Humo ataoza," alisema.

"Mke wangu," Hakimu alimjibu kwa ile sauti yake ya mkutanoni, "maisha ni kukua."

Tangu siku hiyo dada akawa mlinzi. Hakwenda msibani, hakwenda harusini, hakuja nyumbani kutusalimu. Alijua akigeuza kisogo tu, atarudi amkute mkwe wake amelazwa gizani, na kumtoa tena haitawezekana. Mama alilalamika kwamba mtoto amepata ndoa akasahau wazazi. Dada aliona aibu kumweleza ukweli, asije akamharibia furaha aliyokuwa nayo juu ya mkwe wake.

Ndipo ikaja gemu mpya. Shujaa wake ni askari wa kukodiwa. Hatua ya kwanza anateketeza kijiji kizima, na kila anayeanguka unapewa nyota. Baadaye anakutana na mzee aliyevunjika mguu, na hapo eti anaanza kujifunza ubinadamu. Juu ya skrini kuna taa ndogo imeandikwa "utu". Ukimpa mzee maji, inawaka kidogo. Ukimfunika, inazidi. Kumpa maji unabonyeza kitufe na kukishikilia. Basi. Kile kijiji hakitajwi tena. Kwa vikombe vichache vya maji, shujaa amekuwa malaika, na anaendelea kuchinja watu wengine, ila sasa anachinja kwa huzuni.

Wachezaji wote walimtupa yule mzee njiani, kwa sababu ukimbeba huwezi kukimbia. Hakimu peke yake alimbeba. Alipofika hatua ya mwisho akawaalika wazazi waje kujionea. Wakaja kweli, wameketi mstari wa mbele kama wako kwenye mahafali, mama yetu akiwa katikati yao kifua mbele. Dada, kwa kuwa nyumba ilijaa wageni, akaona leo hata shetani ataona haya. Akakimbilia zahanati kuchukua dawa za mzee.

Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango wa kuingia ndani. Kwenye skrini shujaa alipiga magoti, akamnywesha mzee maji. Taa ya utu ikawaka yote. Shujaa akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nilikuwa mnyama. Wewe umenifanya mtu." Hakimu alikuwa analia. Sitanii, machozi halisi, yanateremka mpaka kidevuni. Mzazi mmoja akavuta kamasi.

Ko. Ko. Ko.

Kikombe. Hakimu, machozi yakiwa bado mashavuni, alinyoosha mkono taratibu, akaongeza sauti.

Nimeona matumbo mengi yakimwagwa katika chumba kile, nikala mkate wangu bila wasiwasi. Lakini kile kidole kinachozungusha sauti kilinishinda. Nikaingia ndani.

Fundi alikuwa ameteleza, nusu yuko kitandani, nusu hewani, shuka imemfunga miguu. Alikuwa amejichafua, na si muda huo, kwa maana nzi walikuwa wameshafanya makazi. Midomo ilikuwa imepauka. Mlangoni kulikuwa na nguo zake zimefungwa furushi, na ubao wa kichwani mwa kitanda ulikuwa umeshafunguliwa, umeegemezwa ukutani.

"Amekuja na bisibisi," Fundi alisema, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Dada yako alipotoka tu. Kasema wageni wakiondoka, nahama."

Ningependa kuandika kwamba nilimnyanyua. Nilitapika kwenye beseni. Nilikuwa bado nimeinama pale dada alipoingia na mfuko wa dawa. Akaona furushi, akaona ubao wa kitanda, akaniona mimi na beseni langu.

"Ukimaliza, shika miguu," alisema. "Na usifumbe macho, utamwangusha."

Tulimwosha, tukamvalisha. Kisha dada akafunga furushi la pili, la nguo zake mwenyewe, akayaweka yote mawili mapajani mwa Fundi kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kimekunjwa kwenye kona. Mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba, kiti hakikupita.

"Nilipojenga niliubana mlango huo," Fundi alisema. "Nisameheni."

Hivyo tukapitia chumba cha gemu. Hakukuwa na njia nyingine ila mbele ya runinga kubwa, kati ya skrini na wazazi. Feni iliichukua harufu iliyobaki mwilini mwa mzee na kuigawa kwa haki, kila mtu fungu lake. Leso zikatoka. Sasa hapo, mke anaondoka, baba anaondoka, mtaa mzima unatazama. Mnajua Hakimu alisema nini?

"Mnaniziba! Piteni upesi, nitapigwa!"

Fundi akageuza shingo, akaitazama skrini. Yule askari alikuwa amembeba mzee wake mgongoni, anapasua moshi.

"Yule mzee ni nani?" aliuliza.

"Si mtu, baba," dada alimjibu.

"Ana bahati."

Mama yetu alisimama. Alitazama plaiwudi, akamtazama mkwe wake wa kujichagulia. Akatundika mkoba begani, akashika mkono mmoja wa kiti, tukasukuma mpaka nyumbani. Fundi akapewa chumba changu. Mimi nikapewa kochi, ambalo lina chuma kimoja kinachonichukia.

Mtaa ulicheka, utaacha kucheka? Jirani yetu fundi cherehani alimuuliza dada dirishani, "Bibi harusi, wenzako wakiachika wanaondoka na vyombo. Wewe umeondoka na mkwe?"

"Kati ya wale wawili," dada alisema, "nimemchukua aliye mzima."

Chumba cha gemu kikapwaya. Wazazi waliosikia ile harufu kwa pua zao walianza kuwatafutia watoto shughuli nyingine. Plaiwudi ilishavunjwa, runinga mpya zikawa zinaviangazia viti vitupu. Hakimu akaona jina linachujuka, naye bila jina hana kitu. Jumapili moja mchana akatokea kwetu na wazee wawili wa kile kikundi cha wazazi, kama mashahidi. Shati la mikono mirefu. Akaketi, akakohoa kidogo.

"Nimekuja kumchukua baba yangu," alisema. "Mtu hukosea, kisha hukua. Nimejifunza. Wazee hawa ni mashahidi."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Kijana amenyenyekea, mama. Tumpe nafasi."

Fundi, kitandani, mlango ukiwa wazi, alikuwa anasikia yote. Nilimwona akijitahidi kulainisha kola ya shati kwa mkono wake mmoja. Alitaka kurudi. Hilo ndilo lililonichoma. Nyumba yake ile, na mwanawe yule.

Dada alikuja kutoka chumbani akikunja mikono ya gauni. "Mchukue," alisema. "Umekuja wakati mzuri. Ameharibu shuka sasa hivi. Beseni lile pale, maji ya uvuguvugu, sabuni, nguo safi. Mbadilishe baba yako, kisha mwende zenu. Sitakuzuia."

Hakimu alinitazama. "Shemeji, hebu nisaidie kidogo."

"Mimi nimeshaoga," nilimwambia.

Akaenda mpaka mlangoni. Fundi akamtazama, akainua ule mkono mzima kumrahisishia. Hakimu akavuta ukosi wa shati mpaka puani. Akapiga hatua moja. Akarudi nyuma.

"Hamna glavu?"

"Hatuna," dada alisema. "Kuna mikono."

"Basi ngoja nifike dukani mara moja. Lazima tuzingatie usafi, hata kwa faida ya mzee mwenyewe." Aliyasema hayo akiwa ameshafika uani.

Mashahidi wakabaki na chai yao. Ikapoa. Ikaota utando. Yule mmoja akauliza duka liko wapi, mama akamjibu kwamba liko pale kwenye kona, linaonekana hapo alipokaa. Wakatazama kona. Wakavaa kofia zao, wakaaga kwa sauti ndogo, na hakuna aliyetaja tena habari za kukua.

Dada aliingia chumbani na beseni. Nikamfuata, nikashika miguu.

"Amekwenda duka gani?" Fundi aliuliza. Kola ilikuwa imemkaa sawa.

Dada akakamua kitambaa.

"Geuka kidogo, baba," alisema. "Huku upande wangu."