Karatasi Niliyoiandika Baba Akiwa na Homa

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku yangu ya harusi, mwanangu, na si kwa kujisifu. Ni siku niliyoteremka mlima na karatasi kifuani, nimevaa kanzu safi, nikienda boma la Wadachi pale Morogoro kumdhulumu baba yangu mzazi. Na moyoni nilijiona mtoto mwema kuliko wote wa Uluguru.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri, na kijijini kwetu tulioweza kuandika tulikuwa wawili tu, na mwenzangu mwandiko wake haukusomeka. Basi fikiria kichwa kilivyonivimba. Baba alikuwa ameugua miguu mwaka mzima, hawezi kusimama, na homa inamjia na kumwacha. Mimi nilikuwa na hofu moja tu: akifa, mama yangu ataishi wapi?

Unajua kwetu Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, baba ni wa ukoo wake. Shamba alilolilima baba maisha yake yote lingerudi kwao, na wa kulishika alikuwa Mkude, mtoto wa dada yake. Mkude hakuwa mtu mbaya. Lakini mimi nilikwisha kumwona kichwani mwangu akitoa vyungu vya mama nje.

Nikaandika kwamba shamba lote, nyumba, migomba na mibuni, baba amenipa mimi mwanawe. Kisha siku aliyoshikwa na homa kali nikamwambia ni barua ya kuomba dawa kwa mapadri. Nikamshika mkono, akachora msalaba wake pale chini. Akanishukuru. Nakwambia tena, mwanangu, akanishukuru.

Njia ya kwenda mjini inapita mlangoni kwa Shangazi Pili, dada yake baba na mama yake Mkude. Kumpita shangazi bila kumwamkia ni jambo ambalo hata mimi na kanzu yangu nisingelithubutu. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akauliza hali ya ndugu yake, kisha akauliza nimebeba nini kifuani. Ningeweza kusema ni barua ya padri, maana hakujua herufi hata moja. Lakini kiburi cha kusoma kilinishinda. Nikaifungua nikamsomea mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ile tuliyofundishwa ya kusomea kanisani.

Karatasi ile ilikuwa inamnyima mwanawe wa kumzaa. Nikangoja matusi. Yeye akaendelea kupukuchua lile gunzi mpaka likaisha.

"Ndugu yangu alisema nini?" akauliza.

Nikamjibu kwamba ndiyo hayo niliyoyasoma.

"Hayo umesema wewe. Nakuuliza yeye alisema nini."

Nikaikunja karatasi. Hakuniita mwizi, ingawa jina hilo lilinifaa. Aliniambia nirudi nyumbani, ningoje homa ishuke, nimsomee baba maneno yale yale kwa sauti ile ile. Akikubali kwamba ni yake, yeye mwenyewe atanisindikiza mpaka bomani. Mpaka leo nikimfikiria mama yule namvulia kofia. Haki ya mwanawe ilikuwa mkononi mwangu, naye alichokitaka ni ndugu yake asikilizwe.

Nikarudi. Kesho yake asubuhi homa ilikuwa imeshuka, nikaketi kando ya kitanda nikasoma. Sauti ya kanisani haikutoka. Baba alisikiliza mpaka mwisho, macho yake yanatazama dari.

"Nilidhani tunaomba dawa," akasema.

Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akasema neno ambalo sitalisahau.

"Tangu niugue mnaniuliza kama nimekula, kama nimelala. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninataka nini."

Siku ya tatu Shangazi Pili akaja na Mkude na wazee wa ukoo wao, akawaita na wajomba zangu wa upande wa mama. Akataka baba abebwe juu ya kitanda chake, azungushwe shambani. Mbele alibeba Mkude, nyuma nikabeba mimi, na mlima ule unaujua, tulitoka jasho mno. Kila tulipofika kwenye masale, ile mimea iliyopandwa mpakani, baba alituamuru tusimame, akasema.

Shamba la juu lirudi kwa ukoo, alishike Mkude. Nyumba na migomba inayoizunguka akae mke wake mpaka azikwe, na asiwepo wa kumwambia aondoke. Mibuni aliyoipanda kwa mikono yake niichume mimi kwa muda wote itakaozaa, ila nisije nikasema udongo ulio chini yake ni wangu. Na yeye mwenyewe asihamishwe kupelekwa kwa mtu yeyote. Auguzwe na mke wake, nyumbani mwake, na mambo yake yaulizwe kwake maadamu akili yake ni nzima.

Shangazi akamtaka kila mmoja wetu ayarudie yale maneno kwa kinywa chake. Mkude alirudia bila kuruka neno. Ndipo baba akanigeukia, akasema, "Sasa andika." Nikaandika, nikawasomea wote, naye akachora msalaba bila kushikwa mkono.

Aliishi masika mawili tena, na nyumba ile haikuwa na ugomvi. Mama akakaa mle mpaka uzeeni. Paa likivuja, aliyepanda kuliezeka ni Mkude, yule yule niliyemwogopa, na mimi nikimpa nyasi kutoka chini.

Basi, mwanangu, sikukatazi kuandika. Andika, na mashahidi wawepo wa pande zote mbili za ukoo, mpaka wa shamba ukanyagwe kwa miguu, na mjane atajwe kwa jina lake. Lakini kabla hujashika kalamu, muulize mwenye mali angali hai na akili zake, wala usimsemee eti kwa sababu umesoma au kwa sababu unampenda. Mimi nilimpenda baba yangu, na nilimdanganya nikiwa nampenda. Kamuulize leo, na ukishamuuliza, nyamaza.

Mungu akujalie wazee wa kuwauliza. Na wewe utakapolala kitandani miguu imekataa, akujalie mtoto atakayekaa kando yako na kungoja jibu.