Kiraka cha Taya

Mkasi ulining'inia shingoni mwake tangu anafungua duka hadi anafunga, lakini uzi aliukata kwa meno. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita fundi Meno. Mteja akishangaa, alijibiwa, "Mkasi ni wa kupigia picha."

Kisha koo likaota saratani. Wiki saba alipigwa mionzi, saratani ikasalimu amri, naye akarudi kwenye cherehani yake amekonda, maneno ni yaleyale. Daktari alikuwa amemwonya jambo moja: jino lolote likimsumbua, asiling'oe bila kumwona kwanza. Meno aliitikia kwa heshima zote. Onyo likaingia sikio hili, likatokea lile.

Miaka miwili baadaye jino la nyuma likalegea. Apange foleni hospitali kwa ajili ya jino moja? Alilifunga kwa uzi wa jinzi, ncha ya pili akaifunga kwenye gurudumu la cherehani, akakanyaga pedali. Jino likaruka hadi kwenye boksi la vifungo. Alijisifu siku mbili nzima.

Tundu halikuziba. Miezi mitatu ikapita, ulimi ukagusa kitu kigumu kwenye fizi, akadhani ni kipande cha kifungo, akakichokonoa kwa pini. Kilikuwa mfupa wake mwenyewe. Mkewe alimshika mkono kama mtoto mtoro, wakaenda hospitali.

"Mionzi iliua saratani," daktari alisema, "lakini ilidhoofisha na mishipa inayolisha taya. Mfupa ukikosa damu, hata kidonda kidogo hakiponi. Kipande hiki kimekufa, fundi. Tusipokitoa, taya litavunjika siku unapiga miayo."

"Na hilo pengo mtaliziba kwa nini?"

"Kwa mfupa wa mguu wako. Ule mwembamba wa pembeni."

Meno alicheka hadi shavu likamuuma. "Yaani nitatafuna kwa kutembea?" Mkewe hakucheka. Meno akatikisa kichwa. "Hapana, daktari. Niacheni na taya langu hivihivi."

"Sawa. Mteja akikuletea suti iliyochanika kifuani, kiraka unakitoa wapi?"

"Kwenye pindo la suti hiyohiyo. Kitambaa cha kuokota hakikubali..." Alikuwa amejifunga mwenyewe, tena mbele ya mkewe.

Asubuhi ya kwenda kulazwa, mke alimkuta dukani amekunja suruali hadi gotini, tepu imezungushwa mguuni, chaki mkononi.

"Namchorea daktari pa kukata," Meno alisema. "Vijana wa siku hizi hawaachi nafasi ya kupinda."

Mkewe akautazama mguu. Mstari wa chaki ulikwenda kombo. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hakuwahi kumwona akichora mstari wa kombo.

"Naogopa, mama watoto," Meno alisema. "Nikiamka sina mdomo wa kukutania, je?"

Chaki ile hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa, hata yeye mkewe. Sasa mke aliichukua mkononi mwa mumewe, akapiga magoti sakafuni katikati ya vipande vya nguo, akaufuta mstari kwa kiganja.

"Nyoosha mguu," alisema. "Leo napima mimi."

Akauchora upya, taratibu, hadi ukanyooka.