Mtoto Aliyelala Mbele ya Kaunsela

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Nakuru, Afisa Mkuu wa Lishe alinipa mizani na utepe wa rangi tatu. Utepe ule tuliuzungusha kwenye mkono wa mtoto mdogo, kati ya bega na kiwiko. Ukionyesha kijani, yuko sawa. Ukionyesha nyekundu, amedhoofika, alazwe.

"Wewe pima, uandike," aliniambia. "Mtoto akiwa na huzuni, hiyo ni ya ofisi ile ingine."

Nilimwamini kwa miaka mingi. Nilipima Nakuru, nikapima Subukia, ambako nilishangaa kukuta watoto wa wenye ng'ombe wakinywa chai ya rangi kwa sababu maziwa yote yamepelekwa kiwandani. Kisha nikahamishiwa Lanet, na kazi yangu ikajumuisha kutembelea makao ya watoto mara mbili kwa wiki. Huko ndiko nilikomkuta msichana wa miaka tisa. Nitamwita Cherono, ingawa si jina lake.

Majirani ndio waliomwokoa. Jamaa aliyeachiwa kumlea alikuwa akimfungia ndani. Akinyamaza anapewa chakula, akilia ananyimwa.

"Madam, huyu tumeshindwa naye," matroni wa makao aliniambia. "Anaiba mkate jikoni, anapiga wenzake, na akipelekwa kwa kaunsela analala tu. Niandikie kwamba kiafya yuko sawa, tumhamishe."

Nilimpima. Uzito haukuwa mbaya, na ningeweza kutia sahihi nikaenda zangu. Lakini lile neno "analala" lilinikwama. Mtoto mwenye hofu hukodoa macho mbele ya mgeni; huyu alipata wapi usingizi katika kikao cha saa tano asubuhi? Nikamshusha kope la chini. Ndani palikuwa peupe, hapana hata wekundu kidogo.

"Asubuhi alikula nini?" nilimuuliza mpishi, Mama Wanjiru.

"Chai ya rangi. Uji hataki."

Maabara ilithibitisha: upungufu wa damu, na minyoo. Daktari akaandika dawa. Mimi nikashughulikia sahani: mboga za managu, ndengu, maini yakipatikana, chungwa kando, na chai isogezwe mbali na chakula, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayotengeneza damu. Nikamwomba matroni asubiri muhula uishe.

"Na wizi je?"

"Wizi nao tuuchunguze."

Tuliinua godoro lake tukakuta vipande vya mkate, vingine vimeota ukungu. Hakuwa amekula hata kimoja. "Hii ni ya nini, Cherono?" nilimuuliza.

"Ya kesho."

Basi tukampa mkebe wake mwenyewe, wenye njugu na ndizi, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kila jioni Mama Wanjiru alimwita jikoni akamwambia, "Kesho ni githeri. Kesho kutwa ni wali na maharagwe." Mkate ukaacha kupotea. Kaunsela, kijana mpole sana, akahamisha vikao vyao viwe baada ya chakula cha mchana, na Cherono akaanza kukaa macho. Lakini hakusema kitu.

Hapo ndipo nilipokosea. Majibu mapya ya maabara yalikuwa yamerudi mazuri, nami nikajiona nimemaliza kazi. "Sasa umepona," nilimwambia, "mbona huongei?" Siku mbili nzima alikataa kula.

"Madam, sasa ana nguvu ya kukaa macho," kaunsela aliniambia. "Ya kusema bado anaitafuta. Usimharakishe."

Nilimwendea Cherono nikamwomba msamaha. Sikuwahi kumwomba mtoto msamaha kabla ya hapo.

Wiki kadhaa baadaye tulisikia kilio kutoka chumba cha kaunsela, kilio kikubwa kilichosimamisha kazi zote jikoni. Kikaendelea, kikapungua, kikaisha. Mlango ukafunguka. Cherono akaja, macho yamevimba, akasimama mbele ya Mama Wanjiru.

"Nimelia," akasema. "Na nasikia njaa."

Mama Wanjiru alimpakulia sahani ikajaa. Matroni alikuwa mlangoni. Habari ya kumhamisha haikutajwa tena.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaofanya kazi hii huniuliza ni chakula gani kilichomponya. Hakuna. Kaunsela aliendelea naye kwa miaka, na hata leo Cherono ana majira yake mabaya. Ila najiuliza yule kaunsela angefika wapi na mtoto asiyeweza kufungua macho. Na yalikuwa maini, au dawa ya minyoo, au ile sauti ya Mama Wanjiru ikitaja chakula cha kesho?

Juzi Cherono alipokuja kunisalimia, nikamuuliza mwenyewe. Ni mama wa watoto wawili sasa.

"Sijui, Madam. Nakumbuka tu nilikuwa nachoka, nachoka kila siku. Halafu siku moja nikajipata nimeruka kamba na wenzangu mpaka kengele ikalia."