Hatua Kumi na Tisa za Uwanja wa Wobarek

Saa moja kamili jioni ya Ijumaa, kengele ya mapumziko inalia katika ghala moja la kusini mwa Columbus, Ohio, na Yoeli Kogoya anauacha mkanda wa kusogeza boksi kabla haujasimama vizuri. Anakwenda kwenye kabati lake, anachukua simu, anaiweka mezani juu ya leso. Wenzake wanapasha moto wali na sombe, kisamvu cha Kikongo. Yeye hali. Anaizunguka meza, anachungulia simu, anazunguka tena.

"Ikala, kijana. Hiyo simu haina miguu, haitakimbia," anasema Murhula, mzee wa miaka 56 kutoka Walungu, Kivu Kusini, anayesimama naye kwenye mkanda mmoja.

Yoeli anakaa. Baada ya muda mfupi amesimama tena.

Mapumziko ni dakika kumi na tano tu. Saa moja jioni ya Ijumaa hapa ni saa mbili asubuhi ya Jumamosi kwao Wobarek, kijiji kidogo kwenye nyanda za juu za Papua, upande wa Indonesia. Kijijini hakuna mtandao. Dada yake, Delina, hutoka kabla ya kucha, hupanda mlima kwa saa tatu nzima mpaka kwenye mgongo wa kilima ambako simu hukamata, kisha hupiga. Yoeli hawezi kumtafuta. Kazi yake ni kungoja.

Leo ni Ijumaa ya sita. Tano zilizopita simu haikulia.

Msomaji atauliza Mpapua amefikaje kwenye meza ya sombe. Yoeli, mwenye umri wa miaka 38, alifika Marekani mwaka 2018 na mkewe, Elisabeth, mzaliwa wa Columbus aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni huko kwao. Walianzia Shively, pembeni mwa Louisville, ambako Elisabeth alipata kazi. Yoeli naye akaenda kuomba kazi ya kupakia mizigo. Ofisi ikamtazama: mweusi, nywele za kipilipili, Kiingereza cha kubahatisha. Haikuuliza zaidi. Ikamweka kwenye kundi la Wakongomani na kumpa mkalimani wa Kiswahili.

"Balinipatia mutafsiri, bon, nikanyamaza," anasema. "Niliogopa. Nikisema mimi si mutu ya Kongo, batanirudisha ku nyumba."

Alinyamaza miezi minne, akisikiliza. Alipotoka kwenye ukimya huo alikuwa anaongea Kiswahili cha Kivu vizuri kuliko Kiingereza, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Ukimfumba macho Mkongomani akamsikiliza, atamuuliza ni wa mtaa gani wa Bukavu.

Murhula yeye hakuamini hata alipoambiwa ukweli. Siku Yoeli alipomwonyesha picha ya mama yake amebeba viazi mgongoni katika mfuko wa kusuka, mkanda wa mfuko ukiwa umepita kwenye paji la uso, mzee aliishika ile simu akaitazama kwa muda mrefu. Mama yake mwenyewe, alisema, alikuwa akibeba mzigo namna hiyohiyo kwenye njia ya Walungu. Tangu hapo ameshikilia kwamba Yoeli ni Mushi, mtu wa kabila lake, ila ndege ilimwangusha mbali.

Kutoka Louisville walihamia Buffalo. Wakakaa majira mawili ya baridi mtaa wa West Side, katika nyumba ya mbao ya zamani iliyopitisha upepo kila upande, kisha mwaka 2022 wakaja Columbus. Elisabeth anacheka kwamba mji kwa mumewe ni chumba tu: hufungua dirisha, akachungulia, akahama. Sasa analipwa dola kumi na nane na nusu kwa saa, na kwa kipimo cha watu wa zamu yake hajambo. Hajambo, lakini hatulii.

Wobarek ina nyumba hamsini na kitu, za mviringo, paa la nyasi, moto katikati na hakuna bomba la moshi. Usiku kuna baridi ya kukata, hivyo watu hulala na moshi, na wazee wengi wanakohoa. Chakula ni viazi vitamu, asubuhi na jioni. Nguruwe ndiyo mali. Barabara haipo. Mji wa karibu, Wamena, ni mwendo wa siku nne kwa miguu, kupanda na kushuka na kuvuka mito kwenye madaraja ya kamba. Chumvi, sabuni, dawa, vitabu vya shule, vyote huja kwa ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha nyasi kilichochongwa ubavuni mwa mlima.

Kiwanja hicho kilichimbwa na babu zao kwa vijiti na mashoka. Kila ukoo ulitoa ardhi, na kila nyumba ikabaki na kipande chake cha kutunza: kufyeka nyasi, kusawazisha udongo, kuzibua mtaro. Kipande cha nyumba ya Yoeli ni hatua ishirini na mbili.

Hapo ndipo penye kisa. Kwa desturi yao, mtu haingizi jembe kwenye kipande cha mwingine bila neno la mwenyewe. Neno likitoka, kipande kinakuwa cha aliyechimba, pamoja na shamba lililo nyuma yake. Mtaro nao ni kazi ya wanaume. Wanawake hupanda, hawachimbi mitaro. Baba yake Yoeli amekufa. Mwanamume wa nyumba ile yuko Ohio, anapanga boksi.

Wiki sita zilizopita, Delina alipiga na habari mbaya. Mvua imeporomosha ukingo wa kiwanja kuanzia juu hadi chini. Rubani amezunguka angani mara mbili, akageuza. Kila nyumba imeambiwa ichimbe kipande chake upya, na ndege haitatua mpaka mtaro wote ukamilike. Kisha dada akauliza: nani achimbe chetu? Simu ikakatika kabla Yoeli hajajibu.

Wiki zote hizi amekuwa akitembea na swali hilo. Linamfuata kwenye mkanda, kanisani, kwenye gari. Kuna binamu yake kijijini, mwenye nguvu na mwenye hamu ya lile shamba siku nyingi. Neno moja tu, na binamu ataumaliza mtaro kwa siku mbili.

"Basi umupatie hilo neno," Murhula anamwambia leo, na safari hii hatanii. "Kuko bagonjwa kule. Shamba ni nini?"

Yoeli anaigeuza simu juu ya leso.

"Mimi najua kuko mutoto anangoja dawa," anasema. "Nalala na huyo mutoto mu kichwa. Lakini shamba ikienda, mama atakuwa mugeni mu udongo yake. Ako na miaka makumi saba na kitu. Ataenda wapi?"

Anasema hivyo na macho yamemlowa, wala hayafichi. Mwandishi wa makala haya, aliyekaa meza hiyohiyo, anaandika, na Murhula anarudi kwenye wali wake.

Zimebaki dakika nne. Ndipo simu inapolia.

Yoeli anainyakua, na kwa kiherehere chake anaita kwa Kiswahili, "Delina, uko?" Halafu anasimama kama aliyekanyaga moto. Sauti ya upande wa pili si ya Delina. Ni ya mama yake.

Wengine hatukuelewa neno. Tulichoona ni mtu mzima akiteremka polepole mpaka akakaa sakafuni, simu sikioni, mkono mwingine kichwani. Aliyoambiwa alitusimulia baadaye. Njia ya mlimani nayo ilikuwa imeporomoka, ndiyo sababu ya ule ukimya. Alhamisi ilipopitika, mama, ambaye hajapanda mlima ule miaka saba, alisema ataenda mwenyewe. Alitoka Ijumaa asubuhi, akalala njiani chini ya mwamba, Delina akimshika mkono.

Nyumba zote zimemaliza vipande vyao. Kimebaki cha kwao tu. Jumanne ndege ilikuja tena, ikazunguka, ikarudi na dawa zake. Wanaume wamekasirika, na binamu amekuja mara tatu kuulizia lile neno.

Mama hakumpa. "Nimeanza mwenyewe," alimwambia mwanawe. "Kwa kijiti changu cha viazi. Nimemaliza hatua tatu."

Wanaume walimtazama mwanamke akichimba mtaro na hakuna aliyediriki kumzuia, kwani kipande ni cha nyumba yake. Kwa umri wake na kifua chake anamudu hatua moja kwa siku. Zimebaki kumi na tisa.

"Nilimuambia neno moya tu," anasema Yoeli. "Nakuya."

Kengele ya kurudi kazini ilishalia. Sandrine, msimamizi wa zamu, mzaliwa wa Uvira, alikuwa amesimama mlangoni, na badala ya kumfokea alimwuliza anahitaji siku ngapi. Likizo aliyonayo ni siku kumi. Safari nzima, kwa hesabu yake, ni wiki tatu na zaidi. Sandrine alisema ataandika dharura ya familia, ila nafasi yake hawezi kumwahidi, kwa sababu wanaoitaka ni wengi.

"Kazi nitapata ingine," Yoeli alimjibu, ingawa uso wake haukuonekana kuwa na hakika hiyo.

Nyumbani Elisabeth, anayeijua ile njia kwa miguu yake mwenyewe, alimwuliza jambo moja tu: viatu gani? Siku iliyofuata walikwenda pamoja kununua.

Ataondoka Jumatano. Ndege kubwa zitamfikisha Wamena Jumamosi. Kutoka hapo hakuna ndege ya kumpeleka, maana uwanja uliofungwa ndio huohuo anaokwenda kuuchimba. Atatembea siku nne, na mgongoni atabeba chumvi, dawa alizoandikiwa na kituo cha afya cha Wamena kwa simu, na sepeto isiyo na mpini. Mpini atauchonga huko.

Mama akirudi nyumbani Jumapili, na kuanzia Jumatatu akaendelea na hatua yake moja kila siku, mwanawe atakuta zimebaki tisa. Hesabu hiyo Yoeli ameirudia mara nyingi, na zamu ya Jumatatu Murhula alimkuta akizipima kando ya mkanda, hatua tisa kwenda, hatua tisa kurudi, boksi zikimpita.

Tulipomwuliza anachotumainia, hakutaja kazi wala shamba.

"Kila siku naomba Mungu ampatie mama nguvu," anasema. "Lakini isikuwe mingi. Aniachiliye hatua kidogo."