Nyumba ya Waliofeli

Mke wangu Phulpatia alibeba matofali kichwani miaka thelathini. Kumi na mawili kwa safari moja. Wenzake walibeba kumi. Akiulizwa, alisema yale mawili ya ziada ni ya kuzuia kichwa kisipeperuke. Alifariki mwezi wa Kartik uliopita. Naandika haya kwa sababu watu wanamkumbuka kwa matofali tu.

Mimi ni fundi mwashi. Yeye alinikorogea udongo na kunipandishia. Ukuta wangu ukipinda hata kidogo, alikohoa. Nami nilibomoa mstari ule wa matofali.

Hapa Siwan, kaskazini mwa India, kila nyumba ina mtu wake anayefanya kazi Ghuba, kwa Waarabu. Mwaka binti yetu Munia alipoposwa, nami nikataka kwenda kutafuta mahari, maana kwetu hulipa baba wa binti. Tulikuwa waashi saba. Tukaenda kwa wakala, Bwana Tarkeshwar, mwenye ofisi karibu na stesheni. Akachukua pasipoti zetu, akazifungia kabatini.

“Kwanza mtihani,” akasema. “Waarabu hawataki fundi wa kubahatisha.”

Mtihani ulikuwa kwenye kiwanja chake, nje ya mji. Kila mmoja alipewa kamba, matofali na saruji, na mahali pa kujenga. Jioni Bwana Tarkeshwar alikuja, akafumba jicho moja, akatazama ukuta.

“Umefeli. Rudi keshokutwa.”

Akatoa karatasi ya kufeli, akagonga mhuri mwekundu, akanipa. Nikarudi. Nikafeli. Sote saba tulifeli, wiki tatu nzima. Miaka ishirini nimeshika mwiko, nikaanza kuamini kuwa sijui kitu.

Halafu akatuita ofisini. “Nawahurumia. Aliyefeli uashi anaweza kwenda kama kibarua wa kubeba mizigo. Saa kumi na nne kwa siku, pasipoti anakaa nayo mwajiri. Atakaye atie kidole.”

Rafiki yangu Sudama alikuwa ameshapaka wino kidoleni. Nikamvuta shati, nikasema tujaribu mara moja zaidi.

Siku ya jaribio hilo Phulpatia aliniletea unga wa dengu, kitunguu na pilipili. Nilipokuwa nakula, alikwenda kushika ukuta.

“Baba Munia, ukuta huu umelowa.”

“Mvua.”

“Mvua gani mwezi wa Chait, kiangazi hiki? Kuna mtu anaumwagilia. Ukuta wa mtihani hujengwa kwa udongo, ukabomolewa jioni. Huu una saruji na unanyweshwa maji kama ndama ili ukaze. Nani anamwagilia ukuta wa kubomoa?”

Akazunguka kiwanja kizima, mikono kiunoni. Akarudi anatikisika kwa kicheko.

“Hiki chumba cha kulala. Lile jiko. Kile choo, na umekijenga wewe. Hongera, baba.”

Sudama akanyanyua nyundo. “Nakwenda kumpasua kichwa!”

“Kaa, shemeji,” Phulpatia akamwambia. “Ukimpasua, pasipoti utaitoa kwa nani? Mjengeeni. Mjenge vizuri kuliko mlivyowahi kujenga. Na kila karatasi ya kufeli mniletee mimi.”

Tukajenga. Nasema kweli, sijawahi kunyoosha kuta kama zile. Tulifeli kwa furaha. Sudama akipewa karatasi yake alishukuru kwa mikono miwili, mpaka Bwana Tarkeshwar akamuuliza kama anaumwa. Phulpatia alizifunga zote kwenye pindo la sari. Zilifika mia moja na tano.

Paa likawekwa. Kuhani akachagua siku ya kuingia nyumba. Mama yake Bwana Tarkeshwar akaletwa kutoka kijijini awe wa kwanza kuingia, kama ilivyo desturi. Alikuwa mlangoni na chungu cha maji kichwani, mguu umeshanyanyuka, Phulpatia alipomwangukia miguuni.

“Mama, usiingie! Nyumba itakuangukia!”

“Nani huyu?” mwanawe akafoka. “Ondoka, mwanamke!”

“Mwache aseme,” mama akasema.

Phulpatia akafungua pindo. Karatasi zikamwagika kizingitini. “Nyumba hii imejengwa na hawa saba, mama. Wote wamefeli uashi. Mmoja ni mume wangu, namjua, hawezi kujenga hata banda la kuku. Muulize mwanao, mhuri ni wake.”

Mama akamgeukia mwanawe. “Mhuri wako?”

“Wangu, mama, lakini…”

“Wamefeli?”

“Hapana. Yaani, ndiyo, kwa kule Ghuba. Kwa hapa…”

“Kwa hapa nife mimi?” Akashusha chungu. “Wamefeli, bomoa. Wamefaulu, waandikie. Mimi nitakaa hapa hapa.”

Kuhani akalalamika kuwa saa njema inapita. Mama akamwambia aishikilie mkia.

Bwana Tarkeshwar akatuma mtu ofisini kuleta karatasi za mkataba, mhuri na pasipoti. Akaandika haraka haraka, akatugawia. Sisi hatujui kusoma. Phulpatia akaikagua karatasi yangu juu chini, kana kwamba anaelewa.

“Atusomee,” akasema. “Mkono wake ukiwa kichwani kwa mama.”

Kwetu, anayesema uongo ameshika kichwa cha mama yake, anamzika kwa mkono wake.

Akaweka mkono. Akasoma. “Kazi, uashi.” Mkono ulitulia. “Pasipoti, anakaa nayo mwenyewe.” Ulitulia. “Saa za kazi, nane kwa siku…” Mkono ukanyanyuka kidogo, kama umeshika sufuria ya moto.

“Mbona umeutoa?” mama akauliza.

“Nzi, mama.”

“Urudishe. Soma tena hapo penye nzi.”

Alichukua kalamu, akafuta saa zake kumi na nne, akaandika nane, kisha akasoma mkono umetulia. Karatasi zote saba zilikuwa na nzi mahali hapo hapo. Alipomaliza, nywele za mama zilikuwa zimevurugika kama kiota. Ndipo mama akaingia, kwa mguu wa kulia, na sisi tukapewa pasipoti mkononi.

Njiani Sudama alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Phulpatia aliacha kucheka kabla yetu.

“Haya, umefaulu,” akaniambia. “Sasa utaondoka.”

Nikaondoka. Miaka miwili, saa nane kwa siku, Ijumaa mapumziko, kama ilivyosomwa. Hakuna aliyenidhulumu. Miaka hiyo mbali na Phulpatia ningeirudisha leo yote, nikae naye, kama yupo wakala wa kuipokea.