Wakili wa Wafiwa

Clifford akipita kwenye korido za kambi yetu ya wafanyakazi hapa Jebel Ali, Dubai, walinzi humwita Waziri, naye huitikia. Mimi simwiti kitu. Lakini nitamsimulia kwa haki, kwa sababu kuna wakati ningegombana na mtu yeyote kwa ajili yake.

Kwao ni Vihiga, Kenya, kama kwetu. Alikuwa wakili wa kweli, wa kuvaa joho na kusimama mbele ya hakimu kule Kakamega, hadi alipomshtaki tajiri mmoja aliyenyakua shamba la wajane. Kesi alishinda. Baada ya hapo hakuna mwenye uwezo aliyempa kazi tena, na wajane hawana cha kumlipa wakili. Akaja Dubai kulinda maghala, sare ikimbana mabegani, na watu walipomcheka eti wakili mzima anafungua geti, alicheka nao. Alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Jina lake lilivuma kwa msiba wa Justus, mlinzi mwenzetu. Justus alifiwa na baba mdogo, ndiye aliyemlea na kumpeleka shule. Kampuni hutoa ruhusa ya kwenda kuzika mzazi tu, na meneja wa kambi, Bwana Atheer, akasema baba mdogo si mzazi, khalas, yamekwisha. Clifford akaingia ofisini bila kuitwa. Sisi tulijazana mlangoni kumsikiliza.

“Sir,” alisema, taratibu, kama yuko mahakamani, “kwetu mzazi ni yule aliyekulisha ulipokuwa huwezi kujilisha. Huyu asipotupa udongo kwenye lile kaburi, atabaki hapa mwili tu. Na mwili mtupu haulindi ghala.”

Bwana Atheer alichukua kalamu, akatia sahihi. Justus alikwenda akazika. Sisi wanawake tulipiga vigelegele ndani ya basi la kazini mpaka dereva akatuomba tunyamaze. Kuanzia siku hiyo kila aliyefiwa alimtafuta Clifford kwanza, ndipo akalia.

Bwana Atheer si mjinga. Aliona mdomo ule ni afadhali uwe upande wake. Akamfanya Clifford afisa wa maslahi ya wafanyakazi, akampa tai, ofisi yenye kiyoyozi na chumba cha peke yake. Tukamwita Waziri, kwa utani na kwa fahari pia. Alituahidi kwamba akiwa ndani atatusaidia zaidi. Mwanzoni alitusaidia kweli. Maji ya kuoga yalipata moto na basi likaacha kutusahau barabarani.

Kisha watu wetu wakaharibu. Lenny, mlinzi mwingine, alimzika nyanya yake mara mbili, na mara ya pili nyanya mwenyewe akapiga simu kambini kumtafuta. Bwana Atheer alikasirika, akamtaka Waziri aweke sheria. Clifford akaiandika kwa mkono wake mwenyewe: mzazi ni yule aliyetajwa kwenye cheti cha kuzaliwa, basi. Meneja asingeweza kuitunga sheria kama ile. Clifford alijua milango yote ilipo kwa kuwa yeye ndiye aliyeifungua, na sasa alipita akiifunga mmoja mmoja.

Mwezi wa tatu mama yangu mkubwa Jecinta akafa. Mama yangu mzazi alifariki akinizaa. Jecinta ndiye aliyeniosha, akanitafutia maziwa, akanifinya masikio nilipokosea. Hakuwa na mtoto mwingine. Kwetu, mtoto ndiye hutupa udongo wa kwanza, na asipokuwepo, watu husema marehemu hakuzaa. Jecinta aliishi na maneno hayo maisha yake yote. Nilitaka yasimfuate kaburini.

Nilikwenda kwa Clifford nikiwa na hakika. Hata sikuketi. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaniambia sheria ni moja kwa wote, na nikiondoka bila ruhusa nitaandikwa mtoro, visa itafutwa. Nilimkumbusha maneno yake ya siku ya Justus.

“Agneta, dadangu,” alisema, “siku ile nilikuwa natetea mtu. Sasa natetea mfumo. Nikikuachia wewe, kesho nitakuwa na wafiwa mia hapo nje.”

“Na hao mia, Wakili, hawajafiwa?”

Alinyoosha tai yake. Nilitoka nikiwa na hasira iliyonikausha hata machozi.

Siku ya maziko tulikusanyika kwa Belinda, rafiki yangu Mtanzania anayekaa Jumeirah Village Circle. Justus alikuwepo, na akina mama wanaofanya kazi za nyumbani Al Warqa walikuja wakiwa wamevaa leso. Tuliimba, tukaomba. Binamu yangu alishika simu kule kaburini nasi tukatazama kwenye runinga ya Belinda. Jeneza lilikuwa limeshashuka pale Clifford alipobisha, amebeba sukari na mkate kama desturi inavyotaka, uso umejaa huzuni. Akasema amekuja kunipa pole.

Nikasimama. Meneja hakuwepo. Tulikuwa watu wa nyumbani tu, na kitu nilichokitaka kwake, neno moja, hakikuhitaji sahihi ya mtu.

“Kabla hujaketi,” nikamwambia, “waambie hawa nimefiwa na nani.”

Justus alikuwa akimtazama kama mtu anayeomba. Clifford alifungua mdomo, ule uliomshinda tajiri, akaufunga, akaufungua tena.

“Umefiwa na jamaa yako wa karibu, dada,” akasema.

Nilipogeukia runinga, udongo wa kwanza ulikuwa umeshatupwa. Sikuona ni nani aliyeutupa. Nilikuwa namsubiri Waziri ajibu.